Sawa ya Maxwel

Ukitaka kumjua Maxwel, muulize njia. Simama naye pale nje ya ofisi yetu mjini Nakuru, ungoje mgeni apite akitafuta mahali fulani. Maxwel hajui ni wapi. Mimi najua kwamba hajui, na yeye mwenyewe anajua kwamba hajui, lakini mkono utanyooka tu. "Enda straight, ukifika pale mbele kata left, hapo hapo, huwezi potea." Mgeni atashukuru, ataenda, atapotea. Siku moja alimtuma mama mmoja mwenye jogoo mgonjwa kwenye kikapu mpaka mtaa wa Section 58, akamtafute daktari wa mifugo ambaye duka lake liko chini ya ngazi zetu. Nilimkimbilia yule mama kwa viatu vya kisigino, mimi na mwili wangu huu, na niliporudi nikihema Maxwel akaniuliza kama nimeanza mazoezi.

Mimi naitwa Jepleting. Nimekaa meza moja na huyu mtu miaka mingi, kwa hivyo nina haki ya kumsema. Yeye huandika programu za kompyuta. Mimi huzijaribu kabla hazijaenda kwa wateja, halafu zikiharibika ni mimi napokea simu za matusi. Kama mdomo wangu ni mkali, basi ni kazi imeunoa.

Maxwel ni mtoto wa Elburgon, na baba yake alikuwa akipasua mbao kiwandani. Kwao, anavyosimulia mwenyewe akijisifu, neno "sijui" lilikuwa halikanyagi nyumbani. Mtoto akiulizwa kitu na mzee, akasema hajui, aliambiwa, "Ngoja nikujulishe," na mshipi ukatoka. Basi Maxwel akajifunza mapema kuwa na jibu. Darasani alijibu, kanisani alijibu, chuoni alijibu, na kwa sababu ana sauti nzito na hupiga shati pasi hata Jumamosi, watu walimwamini. Alipokuja kwetu kuomba kazi aliulizwa kama anajua lugha fulani ya kompyuta, akasema anaijua kama jina lake. Alianza kuisoma jioni hiyo hiyo. Hilo alinisimulia kama ushujaa. Nikamwambia ni ujinga, naye akacheka, akasema, "Lakini si nilipata kazi?"

Na katika majibu yake yote, kubwa ni sawa. Najua, sisi sote tunasema sawa. Hapa kwetu simu haikatwi mpaka mtu aseme sawa sawa, na mwingine aitikie sawa basi, na wa kwanza arudie haya, sawa. Inaweza kuwa nimekubali, inaweza kuwa nimekusikia, inaweza kuwa toka hapa uniache. Mtu mwenye akili huipima kwa sauti. Lakini sawa ya Maxwel haipimiki, ni ile ile moja kila siku, nzito, imepigwa pasi. Mkewe, Sue, aliwahi kunipigia simu kuniuliza, "Jeple, huyu mtu akisema sawa huko kazini huwa anamaanisha nini?" Nilimwambia akipata jibu anitumie na mimi.

Kampuni yetu ni ndogo. Mwenyewe anaitwa Hiram, mtu wa tai ndefu na ahadi ndefu zaidi. Tunachouza ni kijisanduku kinachofungwa kwenye matangi ya kupoza maziwa ya vyama vya wafugaji. Kijisanduku kinapima baridi ya tangi na kukituma kipimo kwa mtandao wa simu mpaka kwenye mtambo wetu. Maziwa yakianza kupata joto, au kijisanduku kikinyamaza, mtambo unamtumia mtunza tangi meseji akaangalie. Tuna wateja kuanzia Ndabibi, huko nyuma ya Ziwa Naivasha, mpaka Molo na Sachangwan juu kwenye baridi. Si kitu cha maajabu, lakini mtu anayekamua alfajiri akiwa kwenye matope anakitegemea.

Sasa, ile kazi yenyewe ya kutuma na kupokea ujumbe hatukuiandika sisi. Hakuna mtu huiandika siku hizi. Tunatumia laibrari, yaani code, maagizo ya kompyuta, iliyoandikwa tayari na watu wengine huko duniani. Unaichukua, unaiunganisha na yako, inakubebea ujumbe. Sisi tulikuwa kwenye toleo la tatu, na toleo la tatu lilikuwa pole sana. Ukiliuliza tangi la mahali fulani lina baridi gani na jibu lisije, lilijaribu tena, likajaribu tena, na likishindwa kabisa lilipiga alama nyekundu lenyewe na meseji ikatoka. Wewe hukuhitaji kufikiria chochote. Maxwel alilipenda mno.

Halafu wenyewe wakatoa toleo la nne, wakatangaza kwamba la tatu wataacha kulitunza. Na toleo la nne si pole hata kidogo. Jibu lisipokuja, linasimama na kukuuliza: jibu halijaja, unataka nifanye nini? Tena linataka uandike hilo kila mahali unapouliza kitu, kwa sababu, waliandika kwenye mwongozo wao, ni wewe unayejua kimya kina maana gani kwa watu wako. Niliusoma huo mwongozo wote mpaka macho yakauma, na nilikubaliana nao. Kimya cha taa ya barabarani na kimya cha tangi la maziwa ni vitu viwili tofauti, na kompyuta haiwezi kujua hilo isipoambiwa.

Maxwel yeye alibadilisha namba ya toleo kutoka tatu kwenda nne, akabonyeza, na skrini yake ikajaa nyekundu kutoka juu mpaka chini. Kila mahali code yetu ilipouliza kitu, toleo jipya lilikuwa linadai kuambiwa la kufanya. Nilimwona akikuna shingo. Nikamwambia, kwa roho safi kabisa, "Max, soma mwongozo. Sehemu ya kushika makosa imebadilika yote. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, si ya leo."

"Nimepitia," akasema.

Nimepitia ya Maxwel maana yake ameona kichwa cha habari. Nikatoka kwenda kula githeri. Niliporudi skrini yake ilikuwa safi, haina doa hata moja jekundu, naye ameegemea kiti anakunywa soda.

"Imeisha?"

"Iko sawa."

"Yote?"

"Jeple, si nimekwambia iko sawa?"

Nilitaka kuijaribu kwa njia moja tu, nichomoe kijisanduku cha majaribio kutoka kwa umeme nione mtambo utasema nini. Hiram akatokea mlangoni kwake simu ikiwa sikioni, akasema hakuna wakati wa michezo, toleo la tatu linafungwa na wateja wameshaambiwa tumehamia jipya. "Maxwel, ni sawa?" "Ni sawa, boss." Ikatoka hivyo. Nilikasirika mpaka chai ikanishinda kunywa, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kule Sachangwan tangi linatunzwa na mtu anaitwa Kosgei. Ni mzee wa makamo, mpole, si wa maneno mengi. Kabla ya mtambo wetu alikuwa anafungua kifuniko na kupima baridi mwenyewe, mchana kutwa, kila akipata nafasi. Hiram alipoenda kuuza mtambo aliwaambia kamati kwamba kazi hiyo imekwisha, sasa mashine ndiyo itakuwa macho. Kamati ikafurahi, ikampa Kosgei pikapu azunguke akikusanya maziwa ya walio mbali na barabara. Na kanisani, Kosgei ndiye hupitisha kikapu cha sadaka. Amekipitisha tangu watoto wake wakiwa wadogo. Kwa watu wa kule hicho si cheo cha mchezo, hupewi kikapu ukiwa na mkono wenye maneno.

Jumapili moja, toleo la nne likiwa bado jipya, swichi kubwa ya tangi iliruka. Umeme ulikuwepo kila nyumba, ila tangi lilizima, na kijisanduku chetu kikazima nalo maana kinakula umeme ule ule. Kosgei alikuwa kanisani, kisha akaenda na pikapu. Simu ilikuwa mfukoni, ina chaji, ina mtandao, na haikulia. Mara mbili tatu aliitoa akaangalia ukurasa wetu unaoonyesha hali ya tangi, akaona rangi ya kijani na neno SAWA, nyuzi nne. Jioni alirudi akakuta swichi imeruka, akairudisha. Akaangalia simu tena: siku nzima ni kijani, siku nzima ni nyuzi nne. Akafikiri swichi imeruka dakika ile ile. Nani asingefikiri hivyo?

Kijisanduku kilichelewa kuamka, na kilipoamka usiku tangi lilikuwa limeshapoa tena. Asubuhi lori la kununua maziwa likaja. Mpimaji akafungua kifuniko, akanusa, akakifunga. Tangi zima likamwagwa kwenye mtaro, wenyewe wakiangalia.

Mwenyekiti wa kamati ni Mama Natalie, mama mnene, mkali, mwenye mkoba mweusi ambao hauachi hata akienda kukamua. Aliuliza swali la haki kabisa, yaliharibikaje? Kosgei akaeleza habari ya swichi. Mama Natalie akafungua simu yake, akaona Jumapili yote ni kijani. Mashine haina mjomba wala shangazi hapa, akasema. Kama tangi lilikuwa baridi siku nzima, basi maziwa yaliingia yakiwa yameharibika. Hapo watu wakajaza wenyewe. Ati Kosgei na hiyo pikapu amekuwa akiuza maziwa mazuri kwa mahoteli ya Salgaa, halafu analeta yaliyolala. Mtu akasema aliona pikapu Salgaa. Mwingine akasema aliiona mara nyingi. Wakamnyang'anya funguo. Na Jumapili iliyofuata alipofika kanisani, kikapu cha sadaka kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine. Hakuna aliyemweleza kitu.

Alinipigia simu kesho yake, Jumatatu. Nilingoja matusi, nimezoea. Akasema tu, "Dada, mimi siombi maziwa yarudi. Nataka uniambie, hiyo sawa yenu huwa inatoka wapi?"

Nikafungua code. Sikuhitaji kutafuta sana. Pale ambapo toleo la nne lilikuwa linauliza jibu halijaja, nifanye nini, kijana wa watu alikuwa amejibu mara moja kwa wote, kama anavyojibu wageni barabarani. Jibu lisipokuja, chukua kipimo cha mwisho. Andika SAWA. Weka kijani. Usitume meseji. Na juu yake ameandika, kwa Kiswahili safi, "Tutarekebisha baadaye." Nilisoma hayo maneno mara mbili. Nimewahi kuona uvivu, lakini huu ulikuwa umevalishwa tai.

Nikamgeuzia skrini. "Max, hii ni nini?"

"Hiyo ilikuwa ya muda tu."

"Tangi likifa linasema sawa."

"Linasema sawa mpaka ijulikane."

"Ijulikane na nani? Wewe ndiye uliambiwa useme la kufanya."

Akafungua droo, akaifunga. Akasema shida ni swichi yao, si programu. Nikamwambia kuna mtu amenyang'anywa kikapu cha sadaka kwa sababu yake. Akauliza kikapu gani. Nilikaribia kumrushia kikombe.

Nikampelekea Hiram. Hiram alisikiliza mpaka mwisho, nikadhani ameelewa. Kumbe alikuwa anapanga. Kamati ilikuwa imeomba mtaalamu wetu aende kwenye mkutano wa wanachama, aseme mbele ya watu kama mtambo ulifanya kazi, halafu waamue kama Kosgei anapelekwa polisi. "Maxwel ataenda," akasema Hiram. "Atasema system ilikuwa sawa. Vyama vingine vikisikia ilikosea tumekwisha. Tutarekebisha huku polepole. Wewe Jeple utabeba laptop, na mdomo uuache hapa." Nikamwambia mdomo wangu hauna mahali pa kuachwa. Akasema basi nibebe, lakini niufunge.

Tukaenda na gari la Maxwel. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi kupita siku zote. Pale Salgaa tulisimama kunywa chai, na dereva mmoja wa lori, mgeni wa njia hii, akamwuliza, "Boss, Ndabibi naenda aje?" Maxwel hajawahi kufika Ndabibi. Vijisanduku vya kule vilifungwa na watu wengine. Mkono ukanyooka kuelekea Molo. "Panda na hii, ukipita soko kata left." Nikainuka na chapati mdomoni, nikamwambia yule dereva ageuze lori, arudi Nakuru, ashuke Naivasha, na akifika ziwani aulize watu wa kule. Dereva akatuangalia sisi wawili kwa zamu, akacheka, akafuata maneno ya mwanamke.

Kwenye gari sikujizuia. "Na Kosgei je? Yeye utamwambia akate left wapi?"

Maxwel alipunguza mwendo nyuma ya lori moja, akaacha kulipita. Mwishowe akasema, bila ile sauti nzito, "Jeple, nikisimama mbele ya watu wote hao niseme sijui, nitakuwa nani?"

"Utakuwa mtu ambaye hajui. Hata mimi niko hivyo siku nyingi na nakula vizuri."

Hakucheka. Nilimhurumia kidogo, na nikajichukia kwa kumhurumia, kwa sababu huruma yote ya siku hiyo ilikuwa na mwenyewe, Kosgei.

Mkutano ulifanyiwa kwenye banda la mabati karibu na tangi. Ukungu ulikuwa umeshuka, watu wamevaa gambuti na makoti mazito, wamama wamejifunga leso kichwani. Tangi lenyewe lilikuwa limeoshwa na kuzimwa, kifuniko wazi, kavu, maana maziwa yalikuwa yanapelekwa Molo mpaka maneno yaishe. Kosgei alikuwa amesimama mbele kwa koti lake la kanisani. Hakuna aliyempa kiti, na hakuomba.

Nikaweka laptop mezani mbele ya Maxwel, nikafungua ukurasa wa Sachangwan. Sikusema neno, niliambiwa nifunge mdomo. Niligeuza skrini tu ili aone. Tangi tulikuwa tunaliona kwa macho yetu hapo nje, halina umeme, halina hata tone. Skrini ilikuwa kijani. SAWA. Nyuzi nne. Maxwel aliangalia skrini, akaangalia tangi, akaangalia skrini tena.

Mama Natalie alianza na Kosgei. "Tuambie mara ya mwisho. Maziwa yaliharibika saa ngapi?"

"Sijui," Kosgei akasema.

Kicheko kikapita nyuma. "Ati hajui," mtu akasema, "na ndiye mwenye funguo."

"Sijui," Kosgei akarudia, pole pole vile vile. "Sikuwa hapa. Mlinipa pikapu. Mliniambia mashine ndiyo inaangalia. Mimi siwezi kuwaambia kitu ambacho sikukiona."

Alikuwa anajua neno hilo linampeleka wapi, na bado alilisema mara mbili mbele ya majirani zake. Nilimtazama Maxwel. Alikuwa anamkodolea macho yule mzee kama mtu anayeona mwingine akitembea juu ya moto.

"Haya, kijana wa mashine," Mama Natalie akamgeukia. "Wewe ndiye mtaalamu. Ile Jumapili mtambo wako uliona nini? Tangi lilikuwa baridi ama halikuwa?"

Maxwel akasimama. Akavuta koti. Akafungua mdomo, na niliisikia ikija, naapa niliisikia, ile sawa yake nzito, herufi ya kwanza ilishatoka. Halafu ikakwama. Mvua nyembamba ikaanza kwenye mabati na watu wakangoja.

"Sijui," akasema.

"Husikiki."

"Sijui, mama. Mtambo haukuona kitu. Tangi lilizima, kijisanduku kikazima, hakuna jibu lilikuja." Akajinyooshea kidole. "Mimi ndiye niliuambia ukikosa jibu useme sawa. Hata saa hii unasema sawa, na tangi ni hilo hapo nje." Akainua laptop akawageuzia. Watu wa mbele wakainama kuangalia, wa nyuma wakasimama juu ya mabenchi. Mama Natalie alitoka nje mwenyewe, akatia mkono ndani ya tangi kavu, akarudi, akaiangalia ile rangi ya kijani kwa muda mrefu.

Simu ya Maxwel ilikuwa inatetemeka mezani, jina la Hiram juu yake. Hakuishika.

Mama Natalie akafungua ule mkoba, akatoa funguo, akamnyooshea Kosgei. "Haya, chukua. Rudi kazini. Sawa?"

Kosgei hakunyoosha mkono. "Sio sawa," akasema. "Nyinyi mlisema mbele ya watu. Rudisheni mbele ya watu."

Nilifikiri mama yule atawaka, ni mtu wa kuwaka. Lakini alishusha mkono wake wa funguo, akawageukia wanachama, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Kosgei hakuuza maziwa. Hakuiba. Tulimsingizia." Ndipo mzee akachukua funguo zake, akatoka kwenda kurudisha umeme wa tangi.

Hiram alitutukana wote wawili, akataka kutufuta, akakumbuka hakuna mwingine anayejua kuingia kwenye hiyo code. Maxwel alisoma mwongozo, safari hii kwa kweli, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa chekechea, akiniuliza asichoelewa. Ile kazi aliyoimaliza wakati nakula githeri ilimchukua wiki baada ya wiki. Siku hizi tangi likinyamaza skrini inakuwa ya manjano na kuandika SIJUI, na meseji inatoka: sijui hali ya tangi, nenda ukaangalie. Hiram analichukia hilo neno, anasema linatuaibisha. Wateja hawajalalamika. Juzi nilimwuliza Maxwel toleo la tano litatoka lini, akasema hajui, tena kwa raha fulani. Nikamwambia asilizoee sana neno hilo, kuna vitu vingine analipwa avijue.

Ningependa kuishia hapo nikiwa namcheka. Lakini wiki iliyopita Kosgei alinipigia kwa sababu meseji ya SIJUI ilimtoa shambani, akaenda akakuta ni mtandao tu umepotea kwa ukungu, maziwa ni mazima. Alikuwa anashukuru. Nikamwuliza kama kanisani walimrudishia kikapu. Akasema ndiyo, walirudisha, mchungaji mwenyewe alimwita. Kisha akasema kuna watu bado, kikapu kikiwafikia, humwangalia mkono mpaka kipite. Wanajua hakuiba, walikuwa pale bandani, walisikia. Lakini macho yao ndiyo hayo.

Nilimweleza Maxwel alivyosema. Aliacha kuandika, akanigeuzia kiti. Kisha akaniuliza, "Jeple, sasa hiyo narekebisha aje?"

Nikamwambia sijui.